Wanaosema bogenvilia "unachomeka tu inashika" ni wakweli? Vipande 14 vimenifia vyote

#1 Chomeka_Usubiri
Wakuu salaam. Hivi hawa watu wanaosema bogenvilia haina kazi, unakata tawi unachomeka chini linashika, wanasema kweli au wanatutega? Mi nimekata vipande 14 nikachomeka kwenye viriba, udongo mweusi mzuri nimechanganya na samadi, namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Wiki ya pili vikaanza kutoa majani, 12 kati ya 14, nkapiga picha nkatumia watu, nkaanza na kugawa ahadi kabisa kwamba anayetaka mche ajiandikishe. Wiki ya tano majani yakaanza kulegea, kimoja, viwili, alafu vyote. Jana nimeng'oa kimoja, hakuna mzizi. Cha pili hakuna. Nikang'oa vyote, hakuna hata unywele. Swali langu ni hili, kama mizizi haikuwepo, yale majani yalikuwa yanatoka wapi?

#2 Tembo_Mtulivu
Na ulipoona cha pili hakina mzizi ukaamua uwafuate wengine 12 ukawaulize mmoja mmoja 😂

#3 mama_kitalu
Pole mwanangu, hilo limetupata wote. Majani yalitoka kwenye akiba. Tawi linapokatwa linakuwa na wanga wake ndani ya mti na maji kidogo, macho yakipata joto yanachipua kwa akiba hiyo hiyo. Mizizi ya bogenvilia inachelewa, wiki 4 ukibahatika, mara nyingi 6 mpaka 8, na aina nyingine zinafika miezi 3. Kwahiyo kuna kipindi hapo katikati mche unaonekana mzima kumbe unakula kibubu. Kibubu kikiisha kabla mizizi haijatoka ndo unaona kulegea ulikokuona. Jani kwenye kipandikizi siyo habari njema mpaka likae.

Alafu hiyo samadi na kumwagilia mara mbili ndo umemaliza kazi. Kitu kisicho na mizizi hakihitaji mbolea, kinahitaji hewa pale chini. Sehemu ya chini ilikuwa rangi gani ulipong'oa?

#4 Mpita_Njia
Nakaa hapa pembeni nijifunze.

#5 Chomeka_Usubiri
@mama_kitalu nyeusi, na gome linachubuka ukilishika. Viwili hivi ndo vilikuwa vimesinyaa tu lakini si vyeusi.

#6 KichwaNgumu
Mama naomba nipinge kidogo. Mi nimechomeka bogenvilia 5 kwenye udongo wa kawaida wa uwanjani, sijachekecha mchanga, sijaweka kivuli, na zimeshika zote 5 na leo zimekuwa ukuta. Siri ni unene. Watu mnakata vijiti kama njiti za kiberiti alafu mnataka miujiza. Kata kitu cha unene wa dole gumba, kina akiba ya kutosha kusubiri hata miezi.

#7 Nusu_Kivuli
@Chomeka_Usubiri kabla watu hawajaanza kurushiana mawe tupe data. Vipande vilikuwa unene gani, urefu gani, umekata sehemu gani ya mti, na uliviweka juani au kivulini?

#8 Chomeka_Usubiri
Unene kama wa kalamu au pungufu. Urefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Vilikatwa kwenye ncha zile zenye maua mengi, nilipewa na mwenye mti mwenyewe kanichagulia vile vizuri vizuri. Na niliviweka juani kabisa sababu nilisoma bogenvilia inapenda jua.

#9 Tembo_Mtulivu
Hapo ndipo ulipokosea, ulipewa. Bogenvilia ya kupewa haishiki, inashika ya kuiba.

#10 fatu_wa_maua
🤣🤣 Tembo acha uchochezi

#11 KichwaNgumu
Mnacheka lakini Tembo kagusa kitu. Ukipewa, mwenye mti anakukatia ncha laini zenye maua, anaona ndo heshima. Ukiiba huna muda wa kuchagua, unavunja lile tawi la chini lililo karibu na uzio, gumu, la zamani, limekomaa, halina ua hata moja. Sasa niambie lipi lina nguvu ya kushika? Wizi hauna baraka yoyote, ni tawi tu limekomaa.

#12 Mwalimu_wa_Mimea
Jamani #11 ndo hoja ya maana kuliko zote mpaka sasa japo imeanzia kwenye wizi. Kuna mti laini wa kijani, kuna wa kati ambao umeanza kuwa kahawia lakini ukiupinda bado unapinda kidogo, na kuna mgumu. Bogenvilia wengi wanafanikiwa kwa wa kati na mgumu, sentimita 15 hadi 20, macho matatu au manne. Kitu cha kiwiko mpaka vidoleni ni kirefu mno, kinapoteza maji kwenye urefu wote huo bila chanzo cha maji. Na maua ni adui, kipande chenye maua kinapeleka akiba kwenye maua, yakiwepo yakwanyue.

Ila @KichwaNgumu si kweli kwamba laini haishiki. Inashika, tena haraka, ila inataka unyevu mwingi hewani wakati wote, ndo maana vitalu vikubwa vina mashine za kupuliza ukungu wa maji. Nyumbani bila kufunika na nailoni laini itakauka kabla ya kushika.

#13 KichwaNgumu
Sawa mwalimu, nasahihisha: laini haishiki *kwangu*.

#14 fatu_wa_maua
Na mimi naongeza aibu yangu. Nilichomeka 8 nikiwa nimegeuza, juu chini. Sikujua. Nilikata matawi marefu nikayakatakata yakawa yamelala mezani, nikaja kuyachomeka kesho yake bila kukumbuka upande. Vimechipua viwili tu na vyenyewe machipukizi yalikuwa yanajikunja kutafuta juu kama nyoka, baadae vikafa. Toka siku hiyo chini nakata mshazari juu nakata bapa, nikiona mshazari najua hapo ndo panaingia udongoni.

#15 Mwalimu_wa_Mimea
Dada Fatu hiyo ya mshazari ndo kinga ya kawaida na ni nzuri. Homoni ya mti inayoita mizizi (oksini) inatengenezwa zaidi kwenye machipukizi na inashuka kuelekea chini ya tawi. Ukiligeuza, tawi halijui umeligeuza, linaendelea kupeleka homoni kule kule kulikokuwa chini zamani, yaani sasa hivi juu angani.

#16 MzeeWaViriba
Vijana mnazunguka sana. Mshubiri. Unakata jani la mshubiri unachomeka kijiti ndani ya ute wake dakika chache alafu unakiatika. Nafanya hivo miaka na miaka. Hizo poda za kuita mizizi sijawahi kununua.

#17 Zuzu_Bustani
Mi natumia asali. Mwingine kanambia mdalasini. Sasa nishike lipi?

#18 Tembo_Mtulivu
Changanya vyote weka na tangawizi unywe mwenyewe, mche uuache.

#19 Nusu_Kivuli
Asali na mdalasini haviiti mizizi, vinasaidia kuzuia fangasi kwenye kidonda na basi. Kinachoita mizizi ni homoni kama IBA (nayo ni jamii ya oksini). Poda huwa zinakuja kwa viwango, 0.1% kwa mti laini, 0.3% kwa wa kati, 0.8% kwa mgumu. Na zaidi si bora, ukizidisha unaunguza pale chini panakuwa peusi alafu unakuja humu kulalamika kuwa ni kuoza. Pia poda iliyokaa miaka kwenye joto inachoka, weka sehemu baridi yenye giza. Na usichovye kijiti kwenye kopo lenyewe, mimina kidogo pembeni, la sivo unyevu na ukungu unaingia kopo zima.

#20 MzeeWaViriba
@Nusu_Kivuli hujaongelea mshubiri umeruka.

#21 Nusu_Kivuli
Shikamoo mzee 😅 Nimeruka makusudi. Sijaona ukishinda IBA, na sijaona ukidhuru.

#22 mama_kitalu
Mi nilijaribu siku moja kwa kuchoka mabishano kama haya. Mti mmoja, siku moja, unene mmoja, vipande 20. Kumi mshubiri kumi bila kitu. Vya mshubiri vilishika 7, vya bure 6. Sasa hiyo ni dawa au ni bahati, mtaamua nyie.

#23 MzeeWaViriba
Saba ni zaidi ya sita.

#24 KichwaNgumu
Mzee kashinda kwa goli moja, mpira umekwisha.

#25 Kimya_Kimya
Swali la pembeni, nimeona video mtu anaweka matawi kwenye glasi ya maji na mizizi inatoka. Kwangu maji yanakuwa na harufu na tawi linateleza kama sabuni. Nakosea wapi?

#26 mama_kitalu
Hukosei, bogenvilia haipendi maji kama mimea mingine. Wapo wanaofanikiwa, wanabadilisha maji kila siku mbili na wanaweka kidogo tu yafunike jicho moja. Lakini hata ikitoa, ile mizizi ya majini ni laini mno, ukiihamishia udongoni inashtuka. Mchanga wa mtoni uliooshwa ukichanganya na chenga za makumbi ya nazi nusu kwa nusu, unalowesha, unaacha maji yachuruzike, ndo unachomeka. Ukikamata kiganjani ukaminya yakadondoka matone kibao ujue ni mengi. Mchanga wa baharini usiuguse una chumvi.

#27 Mpita_Njia
Naomba kuuliza, jamaa wa juu wameandika bogenvilia, mwingine huko kwingine nimeona bugenvilia, bogonvelia, mwingine bogaini. Ni mti mmoja?

#28 Tembo_Mtulivu
Ni mti mmoja, kila mtu na shule aliyosoma.

#29 Mwalimu_wa_Mimea
Msiwacheke, hata wataalamu walianza kwa kukosea. Jina limetokana na Louis-Antoine de Bougainville, baharia wa Ufaransa aliyezunguka dunia 1766 hadi 1769. Mtaalamu wa mimea kwenye msafara ule, Philibert Commerson, ndiye aliyeuchukua mti huu Rio de Janeiro, Brazili, mwaka 1767. Na ulipokuja kuchapishwa rasmi 1789 na Jussieu uliandikwa Buginvillaea, yaani hata jina la kwanza kabisa kitabuni halifanani na la mwenyewe. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ya kwetu yote ni ya kuletwa.

#30 fatu_wa_maua
Mwalimu mbona umemruka Jeanne Baret? Msaidizi wa Commerson alikuwa mwanamke amejifunga kifua kavaa kiume, sababu wanawake hawakuruhusiwa melini. Ndiye anayehesabiwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia, na Commerson alikuwa na mguu mbovu kwahiyo kazi ya kupanda milima na kubeba mizigo ya mimea ilikuwa ya huyo mama. Wengine wanasema hata hilo tawi la kwanza la bogenvilia alilikata yeye.

#31 Mwalimu_wa_Mimea
Kweli dada, nilimruka vibaya. La nani hasa alilikata linabishaniwa ila kuwa alikuwepo na kuwa alifanya kazi kubwa halina ubishi.

#32 Tembo_Mtulivu
Kwahiyo kipande cha kwanza hakikupewa, kilikatwa kwa siri na mtu aliyejificha. Narudia hoja yangu ya #9.

#33 KichwaNgumu
🤣🤣🤣 nimekubali mkuu

#34 Zuzu_Bustani
Tukirudi kwenye maua, yangu ina miaka 2, imepanda mpaka juu, majani mabichi yanang'aa ila ua hakuna. Nilitoa kwenye kipandikizi cha mti unaochanua vibaya sana. Nimeipa mbolea ya kutosha.

#35 KichwaNgumu
Hiyo "ya kutosha" ndo jibu. Umeinenepesha. Naitrojeni ikizidi mti unakula majani tu. Acha mbolea, punguza maji mpaka uone majani yanaanza kulegea kidogo ndo umwagilie. Bogenvilia ukiibembeleza haichanui, ukiitesa inachanua.

#36 Nusu_Kivuli
Au ni jua. Inataka jua la moja kwa moja angalau masaa 5 au 6, ikiwa chini ya mti mwingine itapanda tu kutafuta mwanga. @Zuzu_Bustani ipo wapi?

#37 Zuzu_Bustani
Ipo juani asubuhi, mchana ukuta unakinga.

#38 Mwalimu_wa_Mimea
Kuna na la tatu. Huu mti unahamasika na usiku mrefu, kwa wanaoishi mbali na ikweta wanaona unachanua zaidi siku zinapofupika. Kwa wa karibu na ikweta mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, ndo maana huko ukame unakuwa na nguvu zaidi kuliko kalenda. Alafu inachanulia kwenye machipukizi mapya, kama unapogoa kila wiki ili ukuta uonekane nadhifu unakata maua kabla hayajazaliwa. Pogoa baada ya kuchanua, alafu iache.

Na tukiwa hapo hapo, hayo mnayoita maua siyo maua. Hiyo karatasi ya rangi ni majani yaliyogeuka, yanaitwa brakti, kwa kawaida 3. Maua yenyewe ni vile vibomba vyeupe vidogo katikati.

#39 Tembo_Mtulivu
Mwalimu miaka yote natuma picha za majani kwa wapendwa wangu na hukuniambia.

#40 Zuzu_Bustani
Napogoa kila Jumamosi… 🙈

#41 KichwaNgumu
Bado nasema ni mbolea.

#42 Fundi_Ngazi
Na mimi nina kisa cha rangi. Kuna mti una rangi mbili, tawi moja brakti nyeupe jingine za waridi iliyokoza na nyingine zimechanganya humo humo. Nilikata vipande 6. Vimeshika 4. Vitatu vimetoa waridi tupu, kimoja ndo kimechanganya. Nilijua kipandikizi kinatoka sawasawa na mama yake kwa sababu si mbegu.

#43 mama_kitalu
Labda ulikata kwenye matawi ya waridi tu bila kuangalia fundi, siku unakata yalikuwa hayana maua.

#44 Nusu_Kivuli
Au ule mti ni wa kuunganisha, mtu kaunganisha rangi mbili kwenye shina moja. Wapo wanaofanya hivo. Ukikata tawi la upande mmoja unapata rangi ya upande huo.

#45 Mwalimu_wa_Mimea
Au ni ile aina inayojibadilisha yenyewe, kuna moja maarufu inaitwa Mary Palmer, nyeupe na waridi kwenye mti mmoja bila kuunganishwa. Tawi moja la mti linaweza kubadilika nasaba yake na mengine yakabaki, na ukikata kipandikizi unarithi kile kilichokuwa kwenye lile jicho tu. Kwahiyo "sawasawa na mama" isomeke sawasawa na tawi lile.

#46 Fundi_Ngazi
Yote matatu yanaingia akilini, mti wenyewe ulishakatwa, siwezi kurudi kuangalia 😔

#47 Kimya_Kimya
Yangu rangi inabadilika bila hata kukata. Inatoka chungwa inaishia waridi.

#48 fatu_wa_maua
Hiyo ni kawaida kwa aina za chungwa, brakti zinavyozeeka zinageuka. Usihangaike nayo.

#49 MzeeWaViriba
Watu wanaongelea kushika tu, hakuna anayeongelea kuhamisha. Mimi miche mingi imenifia baada ya kushika kuliko kabla. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na inavunjika kama tambi kavu. Ukitoa kwenye kiriba udongo ukapukutika, umeua. Mi nachana kiriba chini kwanza, nakiweka shimoni, alafu ndo nachana ubavuni na kuvuta nailoni taratibu, udongo haujagundua kama umehama.

#50 mama_kitalu
Shikamoo mzee, hapo umenena. Na msihamishe mapema, mche uliotoa mizizi jana si mche. Subiri ujaze kiriba. Nilishawahi kumkabidhi mtu miche 10 mizuri akaigonga gonga kama anatoa keki kwenye bati, wiki mbili akarudi ananilaumu nimempa mibovu.

#51 KichwaNgumu
Kuna njia ambayo haina stress zote hizi. Tawi refu la chini linapinde mpaka liguse ardhi, chuna gome kidogo pale linapogusa, fukia weka jiwe juu. Bado linanyonya kwa mama yake huku linatoa mizizi. Ikishika unakata. Akiba haiishi kwa sababu haikatiki.

#52 Nusu_Kivuli
Ni kweli ila tawi moja mche mmoja na unasubiri sana. Anayetaka miche 14 atapinda matawi 14? Mti utaonekana unasujudu.

#53 Kimya_Kimya
Na miiba? Mi nilichomwa kidole kikavimba siku tatu.

#54 fatu_wa_maua
Glovu nene na miwani, siyo utani. Utomvu wake nao unawasha baadhi ya watu. Watoto usiwaachie kukusanya matawi yaliyokatwa.

#55 Chomeka_Usubiri
Wakuu nimerudi. Nimesoma yote nimeanza upya. Nimekata vipande 12, vya kati na vigumu, nimepima sentimita 18, maua sikuchukua, majani nimebakiza mawili juu nayo nimeyakata nusu. Vinne poda, vinne mshubiri kwa heshima ya mzee, vinne bure. Mchanga na makumbi. Vipo kivulini kwenye mwanga, nimefunika nailoni nafungua kila siku kidogo ipite hewa. Na nimeapa sing'oi. Tatizo ntajuaje kama kuna mizizi bila kung'oa?

#56 KichwaNgumu
Tikisa kidogo, kikigoma kimeshika.

#57 mama_kitalu
USITIKISE. Hiyo mizizi ya kwanza ni kama uzi wa buibui, unaikata mwenyewe alafu unasema haikutoka. Ukitaka kujua kama ki hai kwaruza gome kidogo kwa ukucha, chini yake pakiwa kijani ni kizima, pakiwa kahawia kakavu basi. Usikwaruze kila siku.

#58 fatu_wa_maua
Tumia vikombe vya plastiki vinavyoona ndani, toboa chini. Zungushia karatasi nyeusi kwa sababu mizizi haipendi mwanga, ukitaka kuchungulia unafunua unaangalia unarudishia.

#59 Tembo_Mtulivu
Huyu mkimpa kikombe kinachoona ndani hatalala.

#60 Chomeka_Usubiri
Nimehamishia vitatu kwenye vikombe leo leo, kimoja kila kundi.

#61 Nusu_Kivuli
Umevihamisha?? Si umesema huving'oi 🤦

#62 Chomeka_Usubiri
Vilikuwa na siku mbili tu mkuu, havikuwa na cha kuvunjika.

#63 Zuzu_Bustani
Taarifa toka kwangu. Nimeacha mbolea, nimeacha kupogoa Jumamosi, nimepunguza maji, na nimekata tawi la mti wa jirani lililokuwa linakinga jua (kwa ruhusa yake). Imechanua! Sasa sijui ni lipi kati ya hayo manne.

#64 KichwaNgumu
Mbolea.

#65 Nusu_Kivuli
Jua.

#66 Mwalimu_wa_Mimea
Ndo hasara ya kubadilisha vitu vinne kwa mpigo. Ila hongera.

#67 Zuzu_Bustani
Asante mwalimu. Ila kuna kitu kinaning'ata majani pembezoni yamekuwa kama yamekatwa na mkasi, mchana sioni mdudu.

#68 fatu_wa_maua
Kiwavi mdogo anakula usiku, mchana anajinyoosha kwenye kijiti unamwona kama kijiti. Toka na tochi usiku umwokote kwa mkono, mti mkubwa hauumii nao sana.

#69 Chomeka_Usubiri
Wiki ya sita wakuu. Vilivyobaki na majani mabichi, poda 3, mshubiri 3, bure 2. Safari hii sijatumia mtu picha na sijaahidi mtu. Ila kwenye kikombe cha mshubiri nimefunua karatasi leo nimeona kitu cheupe chembamba kimeshuka pembeni ya plastiki, kama sentimita moja hivi. Nimeweka picha. Ni mzizi?

#70 KichwaNgumu
Mzizi huo hongera.

#71 Nusu_Kivuli
Hapana, mi naona ukungu. Mzizi ungekuwa na ncha, huo una manyoya.

#72 mama_kitalu
Mizizi midogo nayo ina vinywele, picha haionyeshi vizuri. Pangekuwa ukungu pangekuwa na vingi vimetanda siyo kamstari kamoja.

#73 MzeeWaViriba
Mshubiri.

#74 Mwalimu_wa_Mimea
Rudishia karatasi, baada ya siku tatu ukiwa umerefuka na ukashika mchanga ni mzizi, ukiwa umetanda kama pamba ni ukungu, fungua nailoni muda mrefu zaidi.

#75 Tembo_Mtulivu
Siku tatu kwa huyu ndugu ni nyingi sana. Mtu aliye karibu naye amfungie ndani.

#76 Chomeka_Usubiri
Nimerudishia karatasi. Nimechungulia mara mbili tu tangu post ya mwalimu.